Uzi maalumu: Kuunda roketi ndogo nyumbani, kuanzia gundi ya mapezi hadi rangi ya mwisho

MtuWaGereji

Wakuu, habari za wikiendi.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwenye jukwaa hili la mafundi kwa muda mrefu na nimechota mengi. Leo nalipa deni. Naishi Minnesota, Marekani, na kwa miaka minne sasa kila baridi ikiingia najifungia gereji kuunda roketi ndogo za karatasi na mbao, zile zinazoruka kweli kwa mota ya baruti na kushuka kwa parachuti. Ndugu na marafiki wananiuliza maswali yaleyale kwenye WhatsApp, kwa hiyo nayajibu yote hapa kwa Kiswahili.

Ninachokiamini ni hiki: roketi ikienda kombo uwanjani, mara nyingi kosa lilishafanyika mezani wiki kadhaa nyuma. Pezi lilibandikwa likiwa limeinama, gundi haikukauka, rangi imeutia mkia uzito. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye gundi, msasa na rangi. Uwanjani tutapita haraka.

Mfano wangu ni Big Bertha, roketi ya kuunganisha mwenyewe ya kampuni ya Estes, ambayo namshauri kila anayeanza. Ina urefu wa sentimita 61, bomba la kipenyo cha sentimita 4 na kidogo, pua ya plastiki na mapezi manne makubwa ya mbao ya balsa. Mapezi hayo yanaitia utulivu, na inapanda taratibu kiasi kwamba jicho linaifuata mpaka juu. Vifaa: gundi ya mbao, msasa namba 220, 320 na 400, kisu chenye wembe mpya, penseli, rula, tepu ya rangi, na mizani ya jikoni.

Tuanze na kikalio cha mota. Ni kijibomba chembamba ambamo mota ya milimita 18 inaingia, kimevishwa pete mbili za karatasi ngumu ili kikae katikati ya bomba kubwa. Unapaka gundi ndani ya bomba, unasukuma kikalio mpaka kwenye alama, basi. Roketi yangu ya kwanza ilifia hapo. Nilisukuma polepole nikichungulia kama kinaenda sawa, nikasita kidogo, na pale niliposita ndipo kikaganda. Zilibaki sentimita mbili. Nikalazimisha kwa mpini wa nyundo mpaka bomba likakunjika. Sababu niliielewa baadaye: gundi ya mbao ina maji, karatasi inayanywa na kuvimba, na pete inabana ndani ya sekunde chache.

Dawa yake ni maandalizi. Jaribu kikavu kwanza. Weka alama ya kina kwenye kijiti kabla hujafungua chupa ya gundi. Paka gundi mle ndani mbele ya pete, kisha sukuma mkupuo mmoja bila kusita. Pete ya nyuma utaizungushia gundi kwa nje ikishakaa. Mwenye wasiwasi atumie epoksi, ile gundi ya kuchanganya mbili, haivimbishi karatasi, ila ni nzito na inakaa mkiani. Habari ya uzito wa mkiani inakuja.

Naweka hapa kwanza, nahudumia watoto, narudi na mapezi.

Kijana wa Mbezi

Uzi umetulia mkuu. Nimeweka kambi hapa.

MtuWaGereji

Nimerudi. Mapezi.

Kabla ya kufanya lolote, tazama nyuzi za mbao. Lazima ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikienda sambamba na bomba, pezi litakatika siku ya kwanza roketi ikitua kwenye udongo mkavu, maana balsa inapasuka kufuata nyuzi zake.

Yakusanye mapezi yote manne kama karata, yagonge mezani yalingane, kisha piga msasa kingo zote kwa pamoja. Hivyo yanatoka sawa bila kupima. Halafu moja moja: ukingo wa mbele uwe duara, wa nyuma uwe mwembamba, na ukingo wa kushika bomba uachwe mraba kabisa. Huo ukiuviringa, gundi haina pa kushika.

Kuchora mstari ulionyooka juu ya bomba la duara kunasumbua wengi. Lilaze bomba kwenye kona ya fremu ya mlango, mbao yenyewe ndiyo inakuwa rula yako. Vuta penseli taratibu.

SeremalaWaKeko

Mkuu salama? Mimi ni mtu wa fanicha, roketi sijawahi kuishika, lakini hapo kwenye nyuzi umenigusa. Mguu wa kiti ukiukata nyuzi zikiwa zimekatiza, mteja anakurudishia ndani ya mwezi.

Naongeza kidogo. Msasa usiushike kwa vidole, ufunge kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Vidole vinachimba mabonde usiyoyaona mpaka rangi ikauke, na hapo ndipo yanapojitokeza yote. Pia mbao laini ukiipaka kitu cha majimaji, nyuzi zinasimama kama vinyweleo. Usihangaike. Acha ikauke, pitisha msasa mwepesi, paka tena. Sila, yaani dawa ya kuziba vitundu vya mbao, ya kwanza iwe nyembamba ili izame, ya pili na ya tatu ndizo za kujaza.

Swali langu: mapezi unabandika kwa gundi ya mbao tu, bila msumari wala chango? Yanahimili?

MtuWaGereji

Salama kabisa mkuu, na asante sana. Hayo ya vinyweleo yalinitesa mwaka mzima kabla sijayaelewa.

Yanahimili, tena vizuri. Siri ni kubandika mara mbili. Paka gundi nyembamba kwenye ukingo wa pezi, ligusishe kwenye mstari wake, kisha litoe. Utaona gundi imebaki pande zote mbili. Acha dakika chache ikauke kidogo, hiyo imeshaingia kwenye nyuzi za karatasi na za mbao. Sasa paka tena nyembamba upande wa pezi, libandike, shikilia kama dakika moja. Linashika kama limeota pale. Litazame kwa nyuma, bomba likikuelekea kama darubini: pezi linatakiwa litoke moja kwa moja kutoka katikati. Rekebisha sasa, baada ya dakika tano umechelewa.

Likikauka, piga pembeni mstari wa gundi na uufuatishe kwa kidole kilicholoa maji ili utengeneze kona laini kati ya pezi na bomba. Kona hiyo inaongeza nguvu na inapitisha hewa vizuri. Fanya pande mbili zinazotazama juu tu, roketi ikiwa imelazwa, subiri ikauke, ndipo ugeuze. Ukifanya zote kwa mara moja gundi inachuruzika. Na iwe nyembamba, mara mbili au tatu. Ukiweka nene inasinyaa na kuacha vitundu vya hewa ambavyo utavijaza kwa fila, ule uji wa kuzibia mashimo, wiki nzima.

Wengine hubandika karatasi ya kawaida pande zote za pezi kabla ya kulifunga. Balsa ikivikwa karatasi inakuwa ngumu ajabu, na huhitaji tena kujaza vinyweleo. Mimi nafanya hivyo siku hizi.

Kijana wa Mbezi

Mkuu mota si mtu anaweza kujitengenezea? Kuna video nyingi za kuchanganya mbolea na sukari. Nataka nijaribu likizo hii.

MtuWaGereji

Mdogo wangu, hapana. Nakuomba kwa dhati usijaribu.

Mchezo huu ulizaliwa kwa sababu ya ajali za namna hiyo. Miaka ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa wakishindilia kemikali kwenye mabomba nyumbani, wakipoteza vidole na macho, wengine maisha. Mwaka 1954 Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, aliyependa fataki, aliunda na kaka yake Robert roketi ya karatasi inayorushwa kwa kijimota cha kubadilisha na kurudi chini salama. Mhandisi G. Harry Stine alipoziona mwaka 1957 alielewa mara moja kwamba hilo ndilo jibu: kijana aunde roketi, mota itoke kiwandani. Vernon Estes akaingia mwaka 1958 na mashine yake aliyoiita Mabel, ikitengeneza mota zinazofanana moja baada ya nyingine. Kufanana huko ndiko kunakokupa usalama. Ukishindilia kwa mkono, baruti ikiwa na ufa mdogo tu, moto unaingia kwenye ufa, shinikizo linapanda, na bomba ulilolishika linakuwa bomu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mchezo huu: mwili wa roketi ni wa karatasi, mbao na plastiki, na mota hujitengenezei.

Kijana wa Mbezi

Nimekuelewa kaka. Basi ukija Desemba niletee mota mbili tatu kwenye begi.

MtuWaGereji

Hilo nalo hapana. Mota ni vilipuzi kwa macho ya mashirika ya ndege, haziruhusiwi kwenye begi la mkononi wala la chini. Na hata zingefika, kuzimiliki na kuzirusha ni mambo ya vibali vya nchi husika, hayafanywi kienyeji.

Lakini usikate tamaa, anza na roketi ya maji. Chupa ya soda ya lita moja na nusu au mbili, maji theluthi moja, pampu ya baiskeli yenye geji. Tumia chupa ya soda yenyewe, maana ilitengenezwa kubeba gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba mno. Chupa usiipige msasa na usiiguse na gundi ya moto, vyote vinaidhoofisha. Usivuke psi 60 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji), na uifyatue kwa kamba ndefu ukiwa mbali. Mapezi, pua, parachuti, kutafuta kitovu cha uzito, yote utayajifunza humo. Kuna watu wazima huku wanarusha za maji kwa ushindani mkali.

Sasa kumalizia. Hapa ndipo nataka tukae.

Bomba la karatasi lina mistari inayozunguka kama kamba, mahali karatasi zilipoungana. Ukipaka rangi bila kuijaza, itaonekana ukiwa mita tatu. Nachukua fila ya mbao, nakoroga na maji mpaka iwe kama mtindi mwepesi, napitisha brashi kufuata mstari tu, bila kupaka bomba zima. Ikikauka, msasa 220 kwa upole, kisha 400. Karatasi ikianza kutoa manyoya, umezidisha, simama.

Halafu praima ya kujaza, yaani rangi ya msingi. Puliza, acha ikauke vizuri, piga msasa mpaka karibu yote itoke na ibaki kwenye mabonde tu. Hii inawauma wageni wa kazi, kwamba unapaka kisha unaiondoa. Ila kinachobaki ndicho kazi yake, na kilichotoka ni uzito ambao roketi haikuuhitaji.

Kabla ya rangi tafuta pa kushikia. Ganda la mota iliyokwisha kutumika, lichomeke kijiti, liingize kwenye kikalio. Una mpini, na rangi haiingii mle.

Tikisa kopo dakika mbili nzima. Simama sentimita 25 hadi 30. Anza kupuliza nje ya roketi, ipite, malizia nje yake. Mipako mitatu myepesi inashinda mmoja mzito. Chini ya njano, chungwa au nyekundu weka nyeupe, la sivyo praima ya kijivu itazifisha.

Na sasa kilichonigharimu. Roketi yangu ya pili ilikuwa nyekundu safi, nikaona sehemu moja imepauka, nikarudia kupuliza baada ya saa sita hivi. Mbele ya macho yangu rangi ilianza kukunjamana kama ngozi juu ya maziwa yaliyopoa. Kumbe kopo limeandika wazi: rudia ndani ya saa moja, au subiri saa 48. Katikati hapo rangi imekauka juu, chini bado mbichi, thina ya mpako mpya inaipenya na kuivuruga. Nilipiga msasa hadi kwenye karatasi, siku nne. Tangu hapo nanusa. Roketi ikiwa bado inanukia rangi puani, haijakauka, hata kama kidole hakigandi. Pia usichanganye aina za rangi bila kujaribu kwenye kipande cha bomba. Na siku ya unyevunyevu mwingi usipulize, inatoka na ukungu mweupe. Ndugu zangu wa Pwani, nyie pulizeni kukiwa na jua kavu.

Kwa mistari ya rangi mbili: bandika tepu, ukandamize ukingo kwa kucha, kisha puliza kwanza rangi ileile ya chini. Kama kuna mwanya chini ya tepu, utazibwa na rangi isiyoonekana. Ndipo upulize rangi ya pili. Tepu itoe mapema, ukiikunja kurudi nyuma juu yake yenyewe.

Mizani sasa. Big Bertha yangu ya mwisho ilikuwa gramu 69 bila rangi na 82 ilipokamilika, mota haijaingia. Gramu 13 za fila na rangi, nyingi zikiwa kwenye mapezi, yaani mkiani.

SeremalaWaKeko

Mkuu hapo kwenye msasa na praima nimekuelewa kuliko unavyodhani. Vijana wangu nawaambia hivyohivyo kila siku.

Ila hizo gramu 13 zina shida gani kwa kitu kinachorushwa na baruti?

MtuWaGereji

Swali zuri sana. Roketi ina sehemu mbili za kuzijua. Kitovu cha uzito, pale inapokaa mizani ukiining'iniza kwa uzi. Na kitovu cha kani ya hewa, pale ambapo upepo wote unaoipiga ubavuni ni kana kwamba unasukuma mahali pamoja. Cha uzito lazima kitangulie mbele, kuelekea puani, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha bomba. Kikiwa hivyo, roketi ikiyumba upepo unausukuma mkia kuurudisha, kama mshale. Ukiutia mkia uzito, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, na roketi inaweza kupinduka hewani ikawa inazunguka ovyo, mota ikiwaka. Big Bertha ina nafasi ya kutosha, haitasumbuka. Nyingine hazina.

Hesabu zake zinafanywa na programu ya bure iitwayo OpenRocket, iliyoanza kama kazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Kwa asiye na kompyuta: weka mota mpya na parachuti ndani, funga uzi kwenye kitovu cha uzito, bandika tepu usiteleze, kisha zungusha roketi juu ya kichwa chako kwa uzi wa mita mbili au zaidi. Ikitangulia pua, ni nzuri. Ikienda kinyumenyume au kubingirika, ongeza udongo wa kuchezea puani.

Uwanjani kwa kifupi. Kwenye mota imeandikwa kwa mfano C6-5. Herufi ni nguvu yote iliyomo, na kila herufi inayofuata inafika mara mbili ya iliyotangulia. 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, kipimo cha kani. 5 ni sekunde za kusubiri kabla mota haijatoa parachuti. Juu ya mota weka karatasi zisizoshika moto, la sivyo parachuti inatoka imeyeyuka, na parachuti yenyewe ipake poda ya mtoto isigandamane. Washa kwa umeme wa betri ukiwa mita 5 angalau. Isipowaka, toa ufunguo wa kisanduku cha kuwashia, subiri dakika nzima. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iage.

Binti Malindi

Hamjambo jamaani. Kaka, mimi nimesoma yote kimya, lakini nimezaliwa karibu na Ngomeni, na babu alikuwa akituhadithia yale majukwaa ya Waitaliano baharini, jinsi roketi zilivyokuwa zikiruka usiku na mchana watu wakitoka nje kutazama. Hiyo roketi yaweza kuundwa ndogo?

MtuWaGereji

Dada yangu, umenifurahisha mno, maana ndiyo iko mezani kwangu sasa hivi.

Inaitwa Scout, roketi ya Marekani ya hatua nne, yaani vipande vinne vinavyowaka kwa zamu, zote za fueli kavu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka kutoka jukwaa la San Marco, hapohapo kwenu, ikibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama eksirei (miale ya X-ray) za angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limo kwenye majina ya nyota: vyanzo vya eksirei ilivyoviorodhesha vinaitwa kwa herufi 4U, na U ni Uhuru. Roketi ya mwisho kuweka setilaiti angani kutoka jukwaa lile iliruka mwaka 1988.

Ya kweli ilikuwa na urefu wa kama mita 23 na kipenyo cha mita moja kwenye hatua ya chini. Nimetumia bomba lilelile la kipenyo cha Big Bertha, kwa hiyo kipimo ni karibu 1 kwa 24, na yangu itakuwa chini kidogo ya mita. Hatua ya pili ni nyembamba zaidi, nimetumia bomba la milimita 33, na pale mabomba yanapokutana nimekunja vikoni vya karatasi ngumu. Vikoni hivyo vimenichukua majuma mawili. Karatasi nimeilowesha supa gluu nyepesi iwe ngumu, nikapiga msasa, nikarudia, mpaka mwungano usihisike ukipitisha ukucha.

Tatizo ni mapezi. Ya Scout ni madogo sana, maana ya kweli iliongozwa na mitambo. Ndogo yangu haina wa kuiongoza. Kuna njia mbili: kuongeza mapezi ya plastiki angavu yasiyoonekana kwa mbali, au kuitia pua uzito. Sikutaka kuligusa umbo lake, nimeitia pua uzito.

Binti Malindi

Na rangi je, haitauvuruga tena huo mkia?

MtuWaGereji

Itauvuruga, dada, ndiyo hesabu niliyokuwa nayo jana usiku. Kwa uzoefu wa Big Bertha nimekadiria rangi ya mkiani itakuwa gramu 10. Kwa hiyo nilibandika gramu 10 za sarafu kwa tepu juu ya mapezi, nikaweka mota na parachuti, nikatoka kwenye theluji nyuma ya nyumba na kuizungusha kwa uzi. Kwa gramu 20 za udongo puani ilibingirika. Kwa 26 ikayumba. Kwa 31 pua ikatangulia, ikanyooka, mizunguko sita mfululizo. Nimeuziba udongo kwa epoksi leo asubuhi. Gereji bado ni baridi mno kupuliza, kopo linataka nyuzijoto 10 za Selsiasi na kuendelea, kwa hiyo praima inasubiri Machi. Nitaweka picha hapahapa, na ya kwanza ni yako umwonyeshe babu.